Nguvu, Kani na Nishati: Funzo la Gurudumu la Maji katika Milima ya Gusii

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna istilahi za nishati zinavyoweza kufundishwa kwa Kiswahili, na hasa kueleza kwa nini istilahi ambazo tayari zimo katika kamusi zetu hazijapata makao katika vinywa vya wanafunzi. Msingi wa uchunguzi huu ni shindano dogo la ufundi lililofanywa mwaka 2024 na wanafunzi wa Gredi ya 8 katika shule moja ya kaunti ya Nyamira. Wanafunzi walitakiwa kuunda gurudumu la maji litakaloinua jiwe. Mimi nilialikwa na mwalimu wa sayansi wa shule hiyo ili niandike kanuni za shindano kwa Kiswahili. Kanuni moja niliiandika vibaya, na kosa hilo ndilo lililozaa makala haya.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mwandishi si mwanafizikia. Ni mwalimu wa lugha ambaye, alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ng'ambo, alijifunza kuunda istilahi kwa kukaa mezani, orodha ya maneno ya kigeni upande mmoja na kamusi ya Kiswahili upande wa pili. Hoja yangu ni kwamba njia hiyo hutupatia nomino tu, na nomino pekee haitoshi. Istilahi ya sayansi huingia katika akili ya mwanafunzi pamoja na vitenzi vinavyoandamana nayo, na vitenzi hivyo hupatikana pale ambapo kazi yenyewe inafanywa.

2. Mahali na lugha zake

Kaunti za Kisii na Nyamira ni nchi ya milima, mvua nyingi na vijito visivyokauka kwa urahisi. Mji wa Kisii uko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa Viktoria, ambako maji ya mto Gucha huishia, liko kiasi cha meta 1,134. Maana yake ni kwamba kila tone linaloingia mto huo katika milima ya Gusii lina safari ya kushuka meta mia kadhaa kabla ya kutulia ziwani. Mto huo ukifika nchi ya chini ya Migori huitwa Kuja, na huko, kwenye maporomoko ya Gogo, maji yake yamekuwa yakizungusha mitambo ya umeme tangu miaka ya 1950. Kituo hicho ni kidogo, cha megawati 2 hivi, na kilijengwa kwa ajili ya machimbo ya Macalder. Wakati wa ukoloni kadhalika vinu vya maji vya kusagia mahindi vilijengwa kwenye vijito vya Gusii. Basi wazo la kuyatumikisha maji si geni hapa.

Nishati nyingine inaonekana kila siku machoni pa mtoto wa Nyamira. Viwanda vya chai huchoma kuni ili kupata mvuke wa kukaushia majani. Mama hupika kwa kuni au makaa. Pikipiki hupanda mlima na gunia la ndizi. Mtoto huyo hana upungufu wa mambo ya kuangalia. Upungufu uko katika lugha ya kuyazungumzia.

Tuitazame hali yake ya lugha. Nyumbani huzungumza Ekegusii. Sera ya elimu ya Kenya husema kwamba katika gredi tatu za kwanza afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na kuanzia Gredi ya 4 afundishwe kwa Kiingereza. Kiswahili ni somo la lazima, na tangu Katiba ya 2010 ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini si lugha ya kufundishia sayansi. Hata hivyo, yeyote aliyesimama nje ya darasa la sayansi anajua kwamba mwalimu hutamka fasili kwa Kiingereza, kisha huieleza kwa Kiswahili, na mambo yakizidi kuwa magumu humalizia kwa Ekegusii. Kiswahili basi kinafanya kazi ya sayansi kila siku bila ya kuajiriwa rasmi.

Mtaala wa Umilisi, ambao ulifika sekondari msingi mwezi wa Januari 2023, unasisitiza kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Ni jambo jema. Lakini kutenda pamoja na wenzake kunahitaji maneno: kuomba, kupinga, kukadiria, kueleza kwa nini kitu kimeshindikana. Wanafunzi wanapoinama kijitoni wakiwa na nyundo mkononi, hawabishani kwa lugha ya kitabu. Hubishana kwa lugha waliyo nayo.

3. Shindano lenyewe

Makundi manne yalipewa kazi moja. Kila kundi liunde kifaa kitakachotumia maji ya kijito kuinua jiwe la kilo 2 hadi kimo cha meta 1.5. Vifaa vyote viwe vya kuokota: mbao, mikebe ya mafuta ya kupikia, spoku za baiskeli, vipande vya mpira wa tyubu, kamba na misumari. Maji yaliletwa kwa bomba hadi mahali pamoja, na yalianguka kimo cha meta 1. Ili kujua wingi wake, wanafunzi waliweka mtungi wa lita 20 chini ya bomba; ulijaa kwa sekunde 20. Kwa hiyo kila sekunde ilileta lita 1 ya maji, yaani kilo 1.

Umbo la vifaa lilikuwa karibu moja: gurudumu la mbao lenye vikombe vya mikebe pembeni, na mhimili ambao kamba ya jiwe ilijizungushia. Tofauti kubwa ilikuwa unene wa mhimili. Kundi la kwanza lilitumia gogo lenye kipenyo cha sentimeta 12. Kundi la pili lilitumia fimbo nyembamba ya sentimeta 2. Kundi la tatu lilichagua mti wa sentimeta 6. Kundi la nne lilifanya vivyo hivyo, ila mhimili wao ulibanwa mno katika matundu yake.

Matokeo yalikuwa haya. Gurudumu la kundi la kwanza lilisukwasukwa na maji, lakini jiwe halikuondoka chini. La pili liliinua jiwe polepole, kwa sekunde 30. La tatu lililiinua kwa sekunde 10. La nne lilizunguka huku likilia, likalifikisha jiwe nusu ya njia, likasimama.

Kanuni niliyokuwa nimeiandika ubaoni ilisema: "Kifaa chenye nguvu zaidi kitashinda." Niliiona kuwa sentensi safi ya Kiswahili, nayo ni safi. Lakini kundi la tatu liliposhangilia ushindi, kundi la pili lilikataa. Walileta jiwe jingine, la kilo 5, wakalifunga kwenye kamba yao. Gurudumu lao lililipandisha, japo kwa taabu. Kisha wakawataka wenzao wa kundi la tatu wafanye hivyo. Jiwe la kilo 5 lilipofungwa kwenye mhimili wa sentimeta 6, gurudumu lilisimama kimya, maji yakimwagika juu yake. Ugomvi ukaanza, na kila upande ulinielekezea kidole kwenye sentensi yangu.

4. Neno moja, maana tatu

Nilinakili baadhi ya kauli za wanafunzi siku hiyo. Nne zinatosha kwa uchambuzi:

(1) Maji haya hayana nguvu. (Kundi la kwanza)
(2) Gurudumu letu lina nguvu, hata kilo 5 limeinua. (Kundi la pili)
(3) La kwetu ndilo lenye nguvu, limemaliza kwanza. (Kundi la tatu)
(4) Mwalimu, nguvu hazikupotea. Zimejificha hapa. (Kundi la nne)

Kauli ya nne ilisemwa na msichana mmoja aliyeweka kidole chake kwenye tundu la mhimili uliokuwa ukilia. Mti ulikuwa umepata uvuguvugu kwa kusuguana.

Kisarufi kauli zote nne ni sahihi. Kimaana, neno nguvu limetumika kwa mambo matatu mbalimbali. Katika (1) na (2) linahusu msukumo au mvuto unaoweza kulishinda jiwe. Jambo hili katika fizikia huitwa kani, na hupimwa kwa nyutoni. Katika (3) linahusu wepesi wa kuimaliza kazi, jambo linalopimwa kwa wati. Katika (4) linahusu kile kinachotoka kwenye maji, kikapita kwenye gurudumu, kikafika kwenye jiwe au kikaishia njiani kama joto. Hicho ndicho nishati, na kipimo chake ni jouli.

Hesabu yake si ngumu, nayo tuliifanya ubaoni jioni hiyo. Jiwe la kilo 2 huvutwa chini kwa kani ya nyutoni 20 hivi. Kuliinua meta 1.5 kunahitaji jouli 30. Kundi la pili na la tatu yote mawili yalilipa jiwe jouli zile zile 30. Hapakuwa na mshindi. Lakini kundi la tatu lilizitoa kwa sekunde 10, yaani wati 3, na kundi la pili kwa sekunde 30, yaani wati 1. Upande wa kani, kundi la pili liliweza kuushinda uzito wa nyutoni 50, na kundi la tatu halikuweza. Kwa hiyo kila kundi lilikuwa na haki kwa maana yake ya nguvu, na mwandishi wa kanuni ndiye aliyekosa.

Kauli (1) ina kosa la namna nyingine. Maji ya kundi la kwanza yalikuwa yale yale ya makundi mengine: kila sekunde kilo 1 ilianguka meta 1 na kuachilia jouli 10. Tatizo lilikuwa unene wa gogo. Kamba iliyo mbali na kitovu cha mhimili huhitaji msukumo mkubwa zaidi ili ianze kuvuta. Lakini maadamu wanafunzi walikuwa na neno moja tu, walisema maji hayana nguvu, wakaanza kutafuta namna ya kuongeza maji. Walipoelezwa kwamba nishati iko tele na kinachokosekana ni kani kwenye kamba, waliuchonga mhimili wao, na jiwe likapanda. Hapa ndipo umuhimu wa istilahi unapoonekana. Neno lisilotenganisha mambo lilimpeleka fundi kwenye dawa isiyokuwa ya ugonjwa wake.

5. Je, upungufu ni wa Kiswahili?

Msomaji anaweza kudhani kwamba mkorogo huu unathibitisha madai ya wale wasemao lugha za Kiafrika haziwezi sayansi. Madai hayo hayana msingi, na historia ya fizikia yenyewe inayakanusha.

Mwaka 1847 Hermann von Helmholtz alichapisha huko Berlin maandishi mashuhuri kuhusu kutopotea kwa nishati. Neno la Kijerumani alilolitumia katika anwani yake lilikuwa Kraft, ambalo ndilo neno la kawaida la nguvu, na ndilo hilo hilo ambalo wanafizikia wa Kijerumani hulitumia leo kwa maana ya kani. Yaani mmoja wa waliouweka wazi msingi huu mkubwa aliutaja kwa neno lile lile lenye maana nyingi ambalo msichana wa Nyamira alilitumia. Huko Uingereza Thomas Young alikuwa amekwisha kulipa neno la nishati maana ya kisayansi katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1807, lakini ilipita miongo mingi kabla halijakubaliwa na wote. Istilahi ya nishati iliyowekwa akiba kwa sababu ya mahali kitu kilipo ilipendekezwa na William Rankine mwaka 1853.

Yafaa pia tukumbuke nini kilichozilazimisha lugha hizo kutenganisha maana. James Watt alihitaji kumwonyesha mnunuzi kwamba mtambo wake wa mvuke unaweza kushika nafasi ya farasi kadhaa; alihitaji kipimo cha wepesi wa kazi. James Joule, mwana wa mwenye kiwanda cha pombe karibu na Manchester, katika miaka ya 1840 aliangusha uzito ambao ulizungusha makasia ndani ya maji, akapima jinsi maji yalivyopata joto. Kwa maneno mengine, alichunguza kwa kipimajoto jambo lile ambalo msichana wetu alilichunguza kwa kidole. Maana zilitengana kwa sababu palikuwa na kitu cha kufanya ambacho kisingefanyika bila ya kuzitenganisha.

Ekegusii nayo ina neno chinguru, ambalo mtu hulitumia kwa nguvu za mwili na hata za mamlaka, kama vile Kiswahili kinavyotumia nguvu. Kiambishi chake chi- ni kile cha wingi tukionacho katika chiombe, yaani ng'ombe wengi. Wanafunzi wa Gusii wanaposema nguvu zimejificha, kwa upatanisho wa wingi, wana lugha mbili zinazowaelekeza upande mmoja. Mwalimu asiyelijua hili atadhani wanakosea Kiswahili, au wanakosea fizikia. Hawakosei chochote. Wanatumia neno la maisha mahali panapohitaji maneno matatu ya ufundi.

6. Istilahi na vitenzi vyake

Kiswahili hakikukosa maneno hayo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990, na maneno kani na nishati yamezoeleka katika vitabu vya sayansi vya Tanzania. Kwa hiyo siku ya pili niliandika ubaoni maneno hayo pamoja na fasili zake. Wanafunzi waliyanakili vizuri. Nilipowauliza tena kuhusu magurudumu yao, walirudia kusema nguvu. Fasili ilikuwa daftarini, na neno lilibaki huko.

Mwalimu wa sayansi ndiye aliyepata njia. Aliacha kuwauliza nishati ni nini. Aliwauliza: "Nishati ilitoka wapi, ikapita wapi, ikaishia wapi?" Na kuhusu kani aliwauliza: "Kani inavuta kuelekea wapi?" Kuhusu jambo la tatu aliwauliza tu: "Kwa muda gani?" Mara majibu yalianza kuja, na maneno mapya yalikuja ndani ya majibu kwa sababu swali lilikuwa limeyabeba.

Tukilichunguza jambo hili kwa jicho la isimu, tutaona kwamba kila istilahi ina jamii yake ya vitenzi. Nishati hutoka, hupita, hugeuka, huhifadhiwa, hubaki, hutumika, hutawanyika. Haina upande wa kuelekea. Huwezi kuuliza nishati inaelekea kushoto au kulia. Kani husukuma, huvuta, hubana, hukaza, huzidiwa. Nayo lazima iwe na upande. Jambo la tatu halina vitenzi vyake kabisa, ila huandamana na vielezi vya muda: upesi, polepole, kwa sekunde kumi. Ndiyo maana wanafunzi wenyewe waliliita upesi wa kazi, nami nimeona vema kulitaja katika makala haya kwa maneno ya wazi, kasi ya kazi. Neno uwezo lingefaa kwa kiasi fulani, lakini uwezo huweza kukaa bila ya kufanya lolote, ambapo kasi ya kazi huonekana kazini tu.

Msichana aliyesema nguvu zimejificha alikuwa tayari amelipata wazo la nishati kabla ya kulipata jina lake. Kitenzi -jificha ndicho kilichodhihirisha hivyo. Kitu kinachojificha bado kipo, na mtu anaweza kukitafuta. Msukumo wa gurudumu lililosimama haujifichi, umezuiwa tu. Ilitosha mwalimu amwambie: "Hicho unachosema kimejificha, tunakiita nishati." Kazi ya istilahi ilikwisha katika sentensi moja, kwa kuwa mahali pake palikuwa wazi pakiisubiri.

Kinyume chake, fasili ambayo wanafunzi wetu hukariri kwa Kiingereza, kwamba nishati ni uwezo wa kufanya kazi, haina kitenzi kinachomsaidia fundi. Isitoshe, neno kazi lenyewe lina mtego. Mwanafunzi aliyesimama saa nzima akishikilia jiwe kichwani atakuambia amefanya kazi, na mama yake atamwunga mkono. Fizikia itasema jiwe halikupanda, kwa hiyo halikupewa chochote. Hakuna fasili itakayoondoa mtego huu. Kamba, jiwe na rula vitauondoa.

Hata hesabu ya hasara ilieleweka kwa vitenzi. Katika sekunde 10 za kundi la tatu maji yaliachilia jouli 100, na jiwe lilipata 30. Katika sekunde 30 za kundi la pili maji yaliachilia jouli 300, na jiwe lilipata zile zile 30. Wanafunzi waliulizwa jouli nyingine ziliishia wapi. Walijibu kwamba nyingine zilimwagika na maji yaliyokosa vikombe, nyingine ziliondoka na maji yaliyokuwa bado yanakimbia chini ya gurudumu, nyingine ziligeuka joto na kelele kwenye mhimili. Wala hapakuwa na mwalimu aliyewafundisha maneno hayo. Kundi la nne lililipaka mhimili wao mafuta ya kupikia na kupanua matundu, na jiwe lao likafika juu. Somo la ufanisi na la msuguano lilikamilika pamoja.

7. Kawi, nishati, stima na umeme

Liko tatizo jingine ambalo sisi waalimu wa vyuo tumelisababisha au angalau tumeliachia. Nchini Kenya wizara inayohusika na mambo haya huitwa Wizara ya Kawi. Tanzania huitwa Wizara ya Nishati. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. La kwanza linatokana na sifa ya kuwa na nguvu, la pili na uchangamfu wa kutenda. Mwanafunzi wa Nyamira husikia kawi katika taarifa ya habari, akakuta nishati katika kitabu cha Kiswahili, na nguvu nyumbani. Si ajabu akaamini kwamba ni vitu vitatu.

Sioni faida ya kuanzisha vita vya mipaka juu ya jambo hili. Lakini kwa darasa la sayansi napendelea nishati kwa sababu mbili. Kwanza, tayari limeandamana na kani na istilahi nyingine katika kamusi moja, na istilahi hufaa zaidi zikiwa ukoo mmoja kuliko zikiokotwa mojamoja. Pili, asili ya kawi inaelekea tena kwenye nguvu, yaani pale pale tulipotaka kutoka. Hata hivyo mwalimu wa Kenya ana wajibu wa kuwaambia wanafunzi wake waziwazi kwamba kawi ya wizara na nishati ya kitabu ni kitu kimoja. Kulificha neno ambalo umma unalitumia si usanifishaji.

Neno stima linatupa funzo la namna nyingine. Hapo awali lilikuwa jina la meli iendeshwayo kwa mvuke. Nchini Kenya sasa ndilo jina la umeme katika nyumba nyingi, hata pale ambapo umeme huo unatoka kwenye maporomoko ya mto na hakuna mvuke unaohusika. Umeme nao lilikuwa jina la mwako wa radi kabla ya kuingia katika waya. Watu hawakungoja kamati yoyote. Walihitaji kulitaja jambo lililofika majumbani mwao, wakalitwaa neno lililokuwa karibu. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama gurudumu lao linaweza "kutoa stima." Mwalimu alimjibu kwamba likifungwa dainamo ya baiskeli laweza kuwasha balbu ndogo, maana wati zao 3 zatosha kwa taa ya baiskeli, ingawa sehemu yake itapotelea katika dainamo yenyewe. Kisha aliuliza: "Nishati itatoka wapi, ipite wapi, iishie wapi?" Darasa likajibu kwa pamoja kuanzia kijitoni hadi kwenye mwanga. Katika jibu hilo stima ilikuwa hatua moja ya safari, na nishati ilikuwa msafiri. Maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya mitaani huchanganywa yalipata kila moja mahali pake bila ya kufukuzwa lolote.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba mkorogo wa neno nguvu si dalili ya upungufu wa Kiswahili wala wa Ekegusii, kwa kuwa Kijerumani cha wanasayansi kilikuwa na mkorogo huo huo mwaka 1847. Tumeona pia kwamba kuwa na istilahi katika kamusi si sawa na kuwa nayo katika fikira. Kutokana na haya yapo mambo matatu ambayo naomba wataalamu wenzangu wayafikirie.

La kwanza, waundaji wa istilahi za sayansi waandike, pamoja na kila nomino, vitenzi ambavyo nomino hiyo huvikubali na vile inavyovikataa, na mfano mmoja wa kazi ya mikono. Kamusi itakuwa nene zaidi, lakini itasomeka na mwalimu wa kijijini.

La pili, idara za Kiswahili zishirikiane na waalimu wa sayansi mahali pa kazi, si katika warsha za hotelini tu. Kanuni, maelekezo na maswali ya mashindano ya ufundi ni maandishi ya Kiswahili kama yalivyo mashairi, na yanadai uangalifu huo huo. Sentensi yangu moja isiyo na kosa la sarufi nusura iwanyime watoto haki yao.

La tatu, tukubali kwamba Kiswahili tayari kinafundisha sayansi katika Kenya, hata kama sera haisemi hivyo. Mwalimu anayekigeukia fasili inapomshinda hafanyi kosa. Anafanya kazi ambayo sisi hatujamwandalia vifaa vyake. Tusipomwandalia, ataendelea kusema nguvu kwa mambo matatu, na mwanafunzi wake ataendelea kuongeza maji pale panapotakiwa kuchonga mhimili.

Shindano lilirudiwa muhula uliofuata. Safari hii kanuni ziliandikwa na wanafunzi wenyewe, nami nikazisoma tu. Zilikuwa tatu. "Zawadi ya kani: kifaa kitakachoinua jiwe zito kuliko yote. Zawadi ya kasi ya kazi: kifaa kitakachoinua kilo 2 kwa sekunde chache kuliko vyote. Zawadi ya nishati: kifaa kitakachoinua kilo 2 kwa maji machache kuliko vyote." Sikubadilisha hata neno moja. Ubishi ulikuwapo siku hiyo pia, lakini ulihusu nani ashike saa.